Mheshimiwa Bado Yumo

Niwieni radhi kabla sijaanza, maana hadithi hii nitaisimulia vibaya. Mimi riziki yangu ni maikrofoni: nasimama mbele ya watu wanaokula pilau, nawachekesha mpaka wanapaliwa, naondoka. Habari za majini zinataka mtu mwenye sauti ya chini na subira, na vyote viwili nilinyimwa tangu tumboni mwa mama. Isitoshe, kuna kipande kimoja kidogo nina desturi ya kukiruka. Nikikikumbuka nitawapa. Msinipige mawe.

Basi. Ilianza na Tarishi.

Tarishi alikuwa samaki, mwembamba, wa njano, mwenye mbio zisizo na maana kama jina lake. Alhamisi moja ya Septemba, saa saba mchana, Optatus alirudi kwake Nkuhungu, Dodoma, kula chakula cha mchana akamkuta Tarishi amelala ubavu juu ya maji, mdomo wazi, kama aliyefika na ujumbe akakosa wa kumpa. Optatus alimtazama kwa huzuni ya kawaida. Samaki hufa. Kilichomsimamisha kilikuwa sakafuni: chini ya tangi la kioo sementi ilikuwa imelowa, na kutoka hapo madoa ya maji yalipangana, moja, jingine, jingine, yakaenda mpaka kwenye godoro la mkewe, yakaishia hapo.

"Shikamoo mama," alimwambia jirani, Mama Emiliana, Mgogo wa hapahapa, aliyekuwa anakuja kukaa na mgonjwa mchana. "Nani kamwaga maji?"

"Marahaba baba. Amwage nani, na mgao huu? Bomba limetoka juzi. Mimi nimesinzia kidogo tu hapa."

Na mgonjwa mwenyewe hakuwa godoroni. Alikuwa jikoni, amesimama kwa miguu yake, anakuna nazi.

Sasa niwajulishe watu. Optatus ni Mfipa wa Sumbawanga, mpole mpaka anakera, fundi wa maabara ya maji. Kazi yake ni kuchota maji ya visima vya watu na kuyasemea ukweli. Mkewe, Mwamvua, alikuwa Mzigua wa Pangani. Serikali ilipohamia Dodoma na mume akahamishwa nayo, Mwamvua alifuata, akakaa mwezi mzima anasimama mlangoni jioni, uso mashariki, anasema, "Upepo wote huu, Optatus, na hauna hata tone la maji ndani yake." Mume akashindwa kulala. Akaunda tangi la kioo refu kama jeneza la mtoto (si maneno yangu, ni ya mafundi waliolibeba), akaagiza madumu manane ya maji ya bahari yaje juu ya lori la nazi kutoka Pangani kwao, akamtilia samaki saba. Mwamvua akawapa vyeo: Tarishi, Dereva, Mhasibu, Katibu, Naibu, Waziri. Wa saba alikuwa bunju, yule samaki anayejijaza upepo akitishwa, mnene, macho yamemtoka, hana analofanya ila kuvimba. Huyo akaitwa Mheshimiwa.

Kisha moyo wa Mwamvua ukaanza kutanuka. Madaktari walimpa vidonge, wakamwambia apumzike, halafu wakaanza kuangalia karatasi zao badala ya kumwangalia yeye. Optatus akaelewa. Akalihamishia godoro sebuleni, karibu na tangi, kwa sababu mkewe alipenda kulala akisikia maji. Kila usiku alimsikiliza akipumua, akihesabu, kama mtu anayesikiliza bomba na kuogopa litakata.

Na kulikuwa na Mgeni. Bibi yake Mwamvua alikuwa na jini wa bahari, na kwao hawakumwita jini, walimwita Mgeni, kwa adabu. Bibi alipofariki, Mgeni alirithi wajukuu. Mwamvua alidhani amemwacha Pangani. Lakini maji yale ya madumu yalitoka Pangani.

Jumatano, siku moja kabla ya Tarishi kufa, alikuja mtani. Mtani huyo aliitwa Batholomeo, Mnyamwezi wa Tabora, mnene, mpiga kelele, mshereheshaji wa harusi. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, nanyi mnajua utani ulivyo: mtani haingii kwa hodi, anaingia kwa kufunua sufuria.

"Mzigua! Bado hujafa? Na mimi nimeshaazima suti!"

"Nitakufa siku utakayonyamaza wewe, mtani," Mwamvua alijibu kwa pumzi fupi. "Kwa hiyo sifi."

Hapo umeme ukakatika. Pampu ya hewa ikanyamaza, na katika ule ukimya wa mchana wa Dodoma, ukimya wa vumbi na bati linalolia kwa joto, ikaingia harufu ya mwani. Mwani, na papa mkavu, na mchanga uliolowa. Mwamvua akashika shuka kwa vidole vyote.

"Kaja," alinong'ona. "Mgeni kaja. Amesimama pale."

Optatus alikimbilia jikoni kutafuta pampu ya betri, maana samaki wasingekaa bila hewa. Kutoka huko alimsikia Batholomeo akikohoa kohoo la jukwaani.

"Wewe Mgeni! Shikamoo kama u mkubwa, mambo vipi kama tu rika. Umetoka Pangani na Wazigua, basi nawe Mzigua, na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo u mtani wangu upende usipende. Sasa sikiliza amri ya mtani. Huyu mwanamke mwache. Kama una njaa, samaki hao hapo. Kesho chukua mmoja wa kuonja, halafu rudi kila siku ya tisa. Usije ya saba, siku hiyo tuko kanisani. Na mpaka uwamalize, huyu usimguse!"

Optatus alikuwa amepiga magoti chini ya karo, anahangaika na nyaya, akamsikia mkewe akicheka. Kicheko ambacho hakukisikia tangu Pasaka, cha kukohoa na kupiga godoro, na Mama Emiliana naye akicheka kwa Kigogo. Umeme ukarudi. Harufu ikaondoka. Optatus alitoka na pampu mkononi, akawakuta wanafuta machozi, naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Kesho yake Tarishi akafa, na Mwamvua akakuna nazi.

Optatus ni mtu wa vipimo, hakuunganisha. Alipima chumvi ya maji, akapima joto, akapima uchafu wa samaki, akaandika kwenye daftari. Maji yalikuwa safi kuliko ya kunywa. Siku ya tisa akafa Dereva. Siku hiyo Mwamvua alitembea mpaka dukani na kurudi, akagombana na muuza duka njiani kwa raha tu ya kuwa na pumzi ya kugombana.

Safari hii Optatus alipata kosa. Hewa ya Dodoma hunywa maji kama ng'ombe. Kila wiki tangi lilipungua vidole viwili, na Mama Emiliana, kwa wema wake, alikuwa anajazia maji ya bomba na konzi ya chumvi ya jikoni.

"Mama, ukiongeza, ongeza maji matupu," Optatus alimweleza. "Kinachopaa ni maji. Chumvi inabaki."

"Baba, samaki wa chumvi nimpe maji matupu? Mgeni wa pilau unampa uji?"

Wakacheka. Akarekebisha, akajiona ameshinda. Siku ya tisa akafa Mhasibu, na Mwamvua akapanda bajaji kwenda sokoni Majengo peke yake, akarudi na kitenge kipya. Optatus akazuia udi usifukizwe ndani, akamsihi jirani asipulize dawa ya mbu, akabadili pampu. Siku ya tisa akafa Katibu. Usiku huo mkewe alilala chali, jambo ambalo hakuliweza kwa miezi minane, na pumzi zake zilikwenda ndefu na sawa. Optatus alilala pembeni anaogopa furaha yake mwenyewe.

Akafungua daftari. Tisa, tisa, tisa. Kila mara saa saba, kila mara sakafu imelowa. Basi zamu ya tano hakwenda kazini. Aliaga, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni, akasimama nyuma ya pazia. Mwamvua alikuwa amelala. Mama Emiliana naye, kama aliyebonyezwa swichi, alishusha kichwa kifuani akasinzia na sindano ya kufumia mkononi.

Kwanza pampu ilinyamaza, na umeme ulikuwapo. Kisha ikaja harufu, si ya kupita bali ya kukaa, mwani na papa na kitu kingine cha zamani chini yake, kama kisima kilichofunikwa miaka, na maji ndani ya tangi yakaanza kupanda yenyewe bila mkono wala ndoo, yakapanda mpaka ukingoni yakasimama juu ya ukingo kama yanayosikiliza, na hapo sakafuni, kwenye sementi kavu iliyofagiliwa asubuhi, likatokea doa moja la maji lenye vidole vitano, likafuata la pili mbele yake, polepole, unyayo wa mtu asiye na haraka kwa sababu ameahidiwa, na Naibu, samaki wa buluu aliyekuwa amejificha nyuma ya jiwe, akatoka mwenyewe, akapanda juu mwenyewe, akafungua mdomo mara moja kama anayetaka kusema jina la mtu, akalala ubavu, na zile nyayo zikageuka zikaenda kwenye godoro, zikasimama sambamba kichwani kwa Mwamvua, na Optatus aliyekuwa ameuma pazia asipige kelele akaona kifua cha mkewe kikiinuka, kikiinuka tu, kikivuta pumzi ndefu ambayo haikuwa yake.

Pampu ikaanza kulia. Nyayo zikakauka pale pale, zikaacha unga mweupe. Optatus akatambaa akaukwangua kwa kucha, akauonja, halafu, kwa kuwa mazoea ni ugonjwa, akafuta kwa pamba doa moja lililobaki bichi mguuni mwa tangi, akalipeleka maabara. Gramu thelathini na tano za chumvi kwa lita. Bahari ya Hindi kamili, kwenye sebule ya Nkuhungu.

"Ulijua," alimwambia mkewe usiku.

Mwamvua alikuwa anapanga vyombo. Akafuta sahani moja, akaiweka juu ya nyingine. "Nilijua tangu Tarishi."

"Nimlete mganga. Kuna mmoja kule kijiji cha Zuzu, wanasema..."

"Amfukuze?" Mwamvua alimgeukia. "Optatus, wewe Mfipa, una akili au una vyeti tu? Nani anamfukuza mgeni anayekulipia pumzi? Mtani aliniwekea dhamana. Neno la mtani halirudi. Hata mbuzi akichukua, humdai."

Optatus akakaa juu ya ndoo. Kichwa chake cha vipimo kikafanya kile kinachojua: kikahesabu. "Basi ni rahisi. Samaki wanauzwa Dar. Tutaleta wengine, na wengine, na wengine. Akitaka mia tutampa mia. Utazeeka, Mwamvua. Utakuwa bibi mwenye kelele."

Mwamvua alitazama tangi. Walikuwa wamebaki wawili, Waziri na Mheshimiwa. Aliwalilia wote wanne waliotangulia, na Naibu alikuwa bado kwenye kopo, hajazikwa uani. "Hao wapya," alisema taratibu, "sitawapa majina."

Optatus alidhani anaogopa kuwazoea.

Akampigia simu muuza samaki wa Dar. Samaki kumi na wawili watapatikana, lakini si sasa. Wiki ya pili. Siku ya tisa Waziri akaenda, kwa heshima zote, na Mwamvua akazidi kunawiri, akamshonea mumewe vifungo vya mashati yote, hata yale asiyoyavaa. Optatus alichora mstari kwenye daftari.

"Mheshimiwa bado," alisema. "Tuna zamu moja mkononi. Siku ya tisa saa saba atachukuliwa yeye, na saa hiyo hiyo mimi nashuka kwenye treni na kumi na wawili. Hakuna pengo."

Mwamvua akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekumbuka kitu. "Ndiyo, baba," alisema. "Mheshimiwa bado yumo."

Asubuhi ya siku ya nane Optatus alikwenda Dar. Mlangoni mkewe alimshika kola, akaiweka sawa, akaiweka sawa tena. "Ukifika, nenda mpaka baharini," alisema. "Tia miguu tu. Uniambie ilikuwaje."

Alikwenda. Alitia miguu jioni, suruali imekunjwa, watu wanamcheka, akapiga simu. "Ya moto," alisema. "Kama chai iliyopoa." Mwamvua alisikika anapumua, na Optatus akamwachia simu ile isikilize mawimbi mpaka salio likaisha.

Siku ya tisa treni ya umeme ilimshusha Dodoma saa saba kasoro, mfuko wa maji miguuni, samaki kumi na wawili ndani yake wakizunguka. Alipiga simu, haikupokelewa. Akapanda bajaji, ameukumbatia mfuko kifuani, na kwenye kona ya mwisho ya Nkuhungu akasikia sauti ya Mama Emiliana, na haikuwa inacheka.

"Alikuja, baba," Mama Emiliana alimwambia baadaye, ananong'ona, amemshika mikono yote miwili. "Leo sikulala. Miguu ya maji, nimeiona kwa macho haya. Alisimama kwenye tangi. Alisimama sana, mpaka pakawa dimbwi. Yule mnene akavimba, anamwangalia. Nikasema mchukue, mchukue basi, si uko naye hapo! Hakumgusa. Kama mtu anayekumbuka alivyoambiwa. Halafu akageuka, akamwendea Mwamvua. Na yeye alikuwa macho. Kasogea pembeni ya godoro, baba. Kampisha nafasi."

Wazigua walikuja usiku kucha kwa basi. Kesho yake jeneza lilipotoka, kila mtu aligeuza shingo kumtafuta mtani, maana mtani ndiye azuiaye jeneza njiani, alale chini, adai kuku, adai mke, awachekeshe wafiwa ili kilio kipate pa kupumulia. "Wapi mtani? Mtani azuie!" wazee wa Pangani walisema. Batholomeo alikuwa amesimama ukutani na suti ya kuazima. Hakufungua mdomo. Jeneza likapita.

Baada ya tatu alikwenda kumwona mfiwa. Optatus alikuwa sebuleni, daftari magotini. Samaki wapya kumi na wawili walikuwa wazima, bila majina. Mheshimiwa alikuwa katikati yao, mnene vilevile.

"Shemeji," Optatus alisema bila kuinua kichwa, "mimi ni mtu wa kupima. Nimerudia mara kumi. Walikuwa saba. Sita wamekwenda. Nilikosea wapi hesabu? Ningejua ni siku hiyo ningekuwa hapa. Ningemshika mkono tu. Nilikuwa kwenye treni nimekumbatia samaki."

Batholomeo alisema hajui.

Optatus akafunga daftari. Kisha akachukua ndoo, akamchota Mheshimiwa, akamkabidhi. "Siwezi kumwangalia. Mchukue wewe, shemeji. Hata mnafanana."

Ninaye mpaka leo. Ndiyo, Batholomeo ni mimi, mlikwisha kujua, suti niliirudisha. Ni mwaka wa pili sasa na bunju huyu hafi. Nimemnyima chakula, hafi. Nimesahau kumbadilishia maji, hafi. Na kila siku ya tisa, saa saba mchana, sakafu yangu hulowa mbele yake, nyayo mbili, zinasimama kidogo kama mtu aliyepita kumjulia hali mtani wake, halafu zinakauka.

Nimekikumbuka sasa kile kipande. Siku ile Optatus alipokuwa chini ya karo na nyaya zake, nilikuwa nimemaliza. Nilisema, "Mpaka uwamalize, huyu usimguse," na Mwamvua alikuwa ametabasamu tu. Kutabasamu. Ninyi hamjui tabasamu linavyomtesa mchekeshaji. Nikaona sijamaliza, nikashika tumbo langu, nikamwonyesha Mheshimiwa kidole, nikaongeza: "Ila huyu mnene usimhesabu, huyu ni ndugu yangu!"

Hapo ndipo alipocheka mpaka akapiga godoro.

Alisema atakufa siku nitakayonyamaza. Mtani wangu alikosea. Ningenyamaza sentensi moja mapema, angekuwa na siku tisa zaidi, na mumewe ameshika mkono badala ya mfuko. Lakini niambieni ninyi mnaonifahamu: tangu lini mimi nikaona watu wanakaribia kucheka, nikanyamaza?